Gunia Lina Mtu

Ijumaa iliyopita nilikuwa napita kando ya uwanja wa shule huku kwetu Viwanja Sitini, beseni la vitumbua kichwani, nikiwahi mapumziko ya watoto kabla yule mama wa maandazi hajanitangulia. Yule mama simpendi, ila habari zake si za leo. Nikakuta mapumziko yameshaanza na hakuna hata mtoto mmoja mwenye shida na kitumbua. Wamejipanga pembeni ya uwanja wanapiga kelele, na katikati wako wasichana waliovaa fulana za rangi mbili. Mmoja ameshika gongo. Mwingine amechuchumaa nyuma yake, mkononi ana glovu nene kama godoro la mtoto mchanga.

Mjukuu wangu alishaniambia kwamba shuleni wameletewa mchezo mpya unaitwa softiboli. Ukimwambia mtoto wa siku hizi kwamba mchezo wake mpya wewe uliucheza kabla mama yake hajazaliwa, atakutazama kama umemwambia uliwahi kuendesha ndege.

Basi nikasimama nitazame kidogo. Mrushaji akarusha, yule mwenye gongo akapiga hewa. Akarusha tena, akapiga hewa. Mara ya tatu hewa vilevile, lakini mpira ukamgonga mdakaji kwenye glovu, ukamteleza, ukadondoka chini, pu! Yule msichana akatupa gongo, akatoka mbio kwenda kituo cha kwanza. Na pale kituo cha kwanza palikuwa na mwenzake tayari, amesimama.

Rafiki yangu, sauti ilinitoka tumboni. "Rudi! Gunia lina mtu! Wewe mtoto, rudi, gunia lina mtu!"

Uwanja mzima ukageuka. Gunia gani? Vituo vyao ni vipande vya mpira vyeupe, visafi kama sahani. Watoto wakaanza: "Bibi Vitumbua kawa refa!" "Mpeni filimbi!" Mjukuu wangu, ambaye ndiye alikuwa mdakaji mwenyewe, akajifunika uso na ile glovu.

Refa alikuwa mwalimu wa kike, kijana, kofia kichwani na filimbi shingoni. Akasimamisha mchezo, akanifuata pale pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umewaachia. Kituo kina mtu, yule hakutakiwa kukimbia."

Akanitazama vizuri. "Kumbe bibi unaijua sheria hii?"

"Naijua. Mpira wa tatu ukidondoka, mpigaji anakimbia. Lakini kituo cha kwanza kikiwa na mtu, hakimbii."

"Sawa kabisa, bibi. Ila wawili wakishatoka, anakimbia hata kama kuna mtu. Yule aliyepo anasogea mbele, anampisha." Akanionyesha wasichana wawili waliokaa kwenye majani wanakunywa maji. "Wale wameshatoka. Kwa hiyo huyu ni halali."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, bibi. Ndivyo mchezo ulivyo."

"Tangu lini?" nikauliza tena, kama mjinga.

Na yule msichana wa kupiga hewa nilimwona anarukaruka pale kwenye sahani yake nyeupe, wenzake wanamshangilia kama amefanya jambo. Nikamwonea wivu. Nasema wazi, maana kwa umri wangu kuficha hakuna faida tena. Mimi mwanamke mzima, wajukuu ninao, nilimwonea wivu mtoto wa darasa la tano mpaka shingo ikaniuma chini ya beseni. Nikarudi nyumbani na vitumbua vyangu vyote, na yule mama wa maandazi akauza.

Ili unielewe, inabidi twende wote Michenga, kwa bibi mzaa mama, wakati wa mpunga.

Wazazi wangu walikuwa wanakaa hapa hapa Ifakara. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne, na hata hayo madarasa manne yalikuwa na matundu, kwa sababu kila msimu mpunga ukianza kujaza punje nilipelekwa kwa Bibi kusaidia kuamia ndege. Ukiwa hujawahi kukaa kwenye dungu ukaona kweleakwelea wanakuja kama moshi, basi mambo mengi hujayaona. Tulikaa juu kule tangu alfajiri, tunapiga madebe, tunarusha udongo kwa kombeo, sauti zinakauka. Chini maji ya bonde yanameremeta, vyura wanalia, na kutoka nyumbani inakuja harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukiwa bado laini. Siku hizi pepeta naiona sokoni kwenye vifuko vya nailoni. Nilinunua mara moja. Sitanunua tena.

Mpunga ukishakatwa ndipo inakuja kazi ya kuupiga. Miganda inarundikwa uwanjani, watu wanaizunguka na fimbo, wanapiga kutoka juu kwenda chini, pwa, pwa, pwa, mpaka punje zinaachana na mabua. Kazi ile ina wimbo wake ndani ya mabega. Ukishaijua, mkono hausikii tena maneno mengine. Likumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mwaka mmoja shule ya kule ilipata mwalimu wa kujitolea, msichana wa kizungu mwenye madoadoa usoni kama yai la kanga. Alikuja na gongo, mpira na glovu, na nia njema nyingi sana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chumvi, basi, kwa hiyo alieleza mchezo kwa mikono, na binti wa katekista akawa anatutafsiria mambo ambayo na yeye hakuyaelewa. Mpigaji ana nafasi tatu. Akikosa zote tatu, ametoka, akae pembeni. Watatu wakitoka, makundi yanabadilishana. Ukipiga, unakimbia kituo hadi kituo mpaka urudi ulipoanzia, panaitwa nyumbani. Na lile la ajabu kuliko yote: ukikosa ya tatu, lakini aliye nyuma yako naye akashindwa kuudaka mpira ukaanguka chini, hujatoka bado. Kimbia! Ukifika kituo cha kwanza kabla ya mpira, umepona. Isipokuwa kama kituo hicho kina mtu. Alikuwa na maelezo mengine marefu baada ya hapo, anatuonyesha vidole viwili, anarudia, anaonyesha vidole viwili tena. Sisi tukadhani anatuaga.

Na kweli haukupita muda akaondoka, na glovu yake na gongo lake. Mchezo ukabaki.

Gongo letu likawa fimbo ya kupigia mpunga. Mpira tukafunga wa matambara, juu yake tukazungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Glovu hatukuwa nayo, mdakaji akapewa ungo. Kituo cha kwanza gunia tupu, cha pili kichuguu, cha tatu shina la mpapai. Sasa fikiria mwenyewe. Fimbo ile mikono yetu iliijua kwa kazi moja tu. Mpira unakuja, wewe badala ya kuupiga kwa ubavu unaushushia kutoka juu, pwa! kama mganda. Mpira umeshapita. Nyuma yako mwenzako ameukinga kwa ungo, na ungo nao una tabia yake, kitu kikitua juu yake kinaruka kama bisi. Ulikuwa mchezo wa kukosa tupu. Anakosa mpigaji, anakosa mdakaji, halafu ugomvi. "Nimedaka!" "Hujadaka, umedondoka!" "Muongo wewe, umeuona wapi, macho yako yalikuwa kwenye ugali!"

Siku moja ugomvi ukaangusha chungu cha togwa. Bibi akatoka na fimbo, tukatawanyika hadi kwenye mihogo. Akatuita turudi, akageuza kinu akakikalia. "Haya. Mnagombea nini?"

Tukamweleza, wote kwa pamoja. Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, ugoro chini ya mdomo, macho yanayokaa juu yako mpaka ujikune. Alisikiliza kama anasikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Ile sheria ya mpira wa tatu akaomba irudiwe. Halafu akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Huyo mzungu ana akili," alisema. "Wamekosa wawili. Miguu iamue."

Na lile la kituo chenye mtu akalielewa kabla hatujamaliza kusema. "Bila shaka. Gunia lina mtu, mgeni atakaa wapi? Arudi kwao."

Kesho yake tulipoanza mchezo tukamkuta amechota majivu jikoni, anayamwaga nyuma ya mpigaji, anayatandaza kwa mguu mpaka yamekuwa kama mkeka mweupe. Kuanzia hapo refa akawa yeye. Anakaa juu ya kinu nyuma ya ungo, kosa la tatu likitokea ananyoosha mkono: "Lete mpira." Anaugeuza, anaugeuza, anautazama kama anayenunua yai. Ukiwa na majivu, umeanguka. Ukiwa hauna, umedakwa. Hakuna kesi. Watu wazima walikuwa wanaacha kupiga mpunga waje kumwona Bibi anageuza mpira. Mtoto wa watu ameshika tama, anangoja hukumu.

Sasa nifike kwa mtoto wa mama mdogo.

Huyu alikuwa mjukuu mwenzangu, mama zetu ndugu wa tumbo moja, wangu akiwa ndiye mkubwa. Yeye alilelewa kwa Bibi tangu anaachishwa ziwa. Mimi nilikuja kwa msimu, kama kweleakwelea. Kwa utaratibu wa kwetu, kwa kuwa mama yangu ndiye mkubwa, alitakiwa aniite dada. Alikataa. "Dada gani, umenizidi kulia tu," ndivyo alivyokuwa ananijibu. Yeye alijua Bibi anaficha wapi ugoro. Yeye alitumwa moto kwa jirani, yeye alipewa kichwa cha kambale, yeye alilala upande wa ukutani, mgongo kwa mgongo na Bibi. Mimi nililala upande wa mlangoni na upepo. Bibi akimwita alikata jina lake nusu, kwa utamu. Langu alilitaja lote, kama analisoma kanisani.

Nilimwonea wivu mpaka nikajifunza kutembea kama yeye. Unaweza kuamini? Alikuwa anatupa kidogo mguu wa kushoto, kwa sababu ya kidonda cha zamani. Na mimi nikautupa wangu mzima. Mama aliponiona niliporudi Ifakara akadhani nimeumia.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa safari. Kila mwaka mpunga ukishaingia ghalani, Bibi alivuka mto kwenda Mahenge kuwasalimu ndugu zake, na alichukua mjukuu mmoja. Mmoja tu, mizigo ilikuwa mingi. Kila mwaka alimchukua yeye. Akirudi alinisimulia pantoni: jinsi linavyonguruma, jinsi maji ya Kilombero yanavyokuwa ya kahawia na mapana, viboko wanavyotoa masikio, mama wa samaki wa kukaanga pale kivukoni, na Bibi jinsi alivyomshika mkono kwa nguvu katikati ya mto, yeye Bibi mwenyewe ndiye akiogopa. Alinisimulia kidogo kidogo, kama mtu anayemrushia kuku punje, kisha anafumba kiganja. Nikiuliza, "Halafu Bibi akasema nini?" alikuwa anajibu, "Mambo yetu."

Mwaka huo nilimwambia Bibi nataka kuvuka na mimi. Sikuwahi kumwomba kitu kabla ya hapo. Akatema ugoro, akasema, "Siku ya mwisho ya kupiga mpunga mtacheza. Mmoja huku, mmoja kule. Atakayetangulia kufika nyumbani, huyo nitavuka naye."

Siku yenyewe hewa ilikuwa na vumbi la mabua, koo zinawasha. Kundi letu tukaanza kupiga. Mtoto wa mama mdogo alikuwa mdakaji wao, ameshika ungo wa Bibi, ule mzuri. Wa kwanza wetu alikuwa binti wa katekista, akapiga miganda mitatu angani, ungo ukaukumbatia mpira, akatoka. Akaja mtoto wa jirani, msichana mnene wa vichekesho, huyo akaugonga kwa bahati, akafika kwenye gunia, akasimama. Akafuata binti wa mvuvi, akaupiga juu sana, ukadakwa kwa upindo wa gauni, akatoka. Kwa desturi yetu waliotoka walikaa chini ya ghala na sufuria ya ukoko wa wali, kama kipozo. Ikafika zamu yangu.

Wa kwanza nilikosa. Wa pili nilikosa. Nikajisemea, kwa ubavu, kwa ubavu, kama alivyotuonyesha mzungu. Mpira ukaja, mabega yakaimba wimbo wao. Pwa! Chini. Hewa.

Nikasikia nyuma yangu ungo unalia, tap, na mpira unaruka, na mtoto wa mama mdogo anasema "Aa!" Nikageuka nikauona umelala ndani ya majivu, peke yake, mweupe upande mmoja. Sijawahi kukimbia vile, wala kabla wala baada. Mtoto wa jirani pale kwenye gunia ananiona nakuja, mikono kiunoni: "Weee! Unakuja wapi? Tutabanana hapa!" Nikafika, nikamkumbatia, tukasimama wawili juu ya gunia moja.

"Lete mpira," Bibi akasema.

Akaugeuza. Majivu yalikuwepo, kila mtu aliyaona. Akamtazama mtoto wa mama mdogo. "Umeangusha, mjukuu wangu." Halafu akanitazama mimi kule mbali, akaniita jina langu lote. "Gunia lina mtu. Rudi."

Nikarudi. Kwenye sufuria ukoko ulikuwa karibu umekwisha, wale wawili walikuwa wameshaula. Ndiyo maana nakumbuka, rafiki yangu. Ningeweza kusahau mengine yote, lakini ukoko ule nilioukuta, kipande cha ukubwa wa sikio, sitausahau. Wawili walikuwa wametangulia. Vidole viwili. Yule mzungu hakuwa anatuaga.

Nyuma yangu alikuwa anafuata msichana mwenye mkono mzito kuliko wote bondeni. Sisemi angepiga. Nasema alikuwa anafuata. Lakini mimi nilikuwa wa tatu, tukabadilishana, na mtoto wa mama mdogo akapiga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa, ukavuka kichuguu, akazunguka anatupa mguu wake mpaka nyumbani. Bibi akampangusa majivu miguuni kwa khanga yake.

Walivuka baada ya wiki hiyo. Kule Mahenge Bibi akashikwa na homa, na kule kule akazikwa, kwa ndugu zake. Mtoto wa mama mdogo alirudi na mjomba, amejifunga khanga ya Bibi. Sikumwuliza kitu. Miaka ikapita, tukaolewa, tukazaa, tukazikana wazazi, na kila tulipokutana kwenye sherehe au msiba nilikuwa namtazama nikiwaza: wewe unalo neno la Bibi la safari ya mwisho, la pale katikati ya mto, na hujanipa.

Nikubali jambo moja hapa. Msimu ule ule Bibi alishamrudisha na yeye, mtoto wa mama mdogo, kwa sheria ile ile ya gunia, na alilia mbele ya watu. Hilo nililikumbuka Ijumaa, nikiwa nakula vitumbua vyangu mwenyewe. Miaka yote sikulikumbuka kwa sababu halikunifaa.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Michenga. Yeye ndiye anakaa pale kwa Bibi hadi leo, uwanja ule ule, na hilo nalo tuliache. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilikuwa halali. Nilitaka abishe. Njia nzima nilikuwa napanga majibu, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza, "Bibi unaongea na mimi?"

Kichuguu hakipo, walikisawazisha wakafyatulia matofali. Mpapai hata usiulize. Mpunga siku hizi unapigwa na mashine, inanguruma mara moja kazi imekwisha, fimbo wanafungia mbuzi. Binti yake akanipokea: "Shikamoo, mama mkubwa." Halafu akanivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Siku hizi anachanganya. Usishangae."

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, ungo mapajani, anapeta mchele uliokwisha kupetwa. Akainua uso, akatabasamu.

"Dada! Karibu, dada."

Dada. Nimelisubiri neno lile maisha yangu yote, nalo linakuja siku ambayo halina thamani.

Nikakaa. Nikamweleza yote, ungo, majivu, gunia, vidole viwili. "Kwa hiyo siku ile," nikamwambia, "mimi nilikuwa halali. Wewe uliangusha, na wawili walikuwa wameshatoka."

"Kumbe," alisema kwa upole. "Basi pole, dada. Ni nani aliyeshinda?"

"Wewe."

"Nikapata nini?"

Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania. "Ulivuka na Bibi. Pantoni. Hukumbuki pantoni?"

Akatikisa kichwa. "Si kuna daraja?"

"Daraja la juzi hili! Zamani lilikuwa pantoni."

"Hebu nisimulie," alisema, akaacha kupeta.

Nikamsimulia. Mimi, ambaye sikwenda. Nikamweleza ngurumo, na maji ya kahawia, na masikio ya viboko, na samaki wa yule mama wa kivukoni jinsi walivyokuwa wanachomoza mikia kwenye sinia. Kila punje aliyonirushia utotoni nilikuwa nayo, nimeitunza. Nikamweleza jinsi Bibi alivyomshika mkono katikati ya mto kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Alikuwa ananisikiliza mdomo wazi, kama mtoto, na nikaona wivu unapanda tena, sijui wa nini. Safari ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyebaki nimeibeba.

"Halafu Bibi akasema nini?" akaniuliza.

Swali langu. Kwa sauti yangu ile ya zamani kabisa. Nikatazama ule uwanja. Pale palipokuwa na majivu kuna bomba la maji sasa, na bata.

"Akasema," nikamwambia, "mwaka ujao zamu ya mwenzako."

Akafikiri. Macho aliyapeleka mbali, kule ng'ambo ya mashamba.

"Ndiyo," akasema. "Alisema hivyo hivyo."

Nikamshika kidevu, nikaugeuza uso wake kwangu. Nikautazama upande huu, nikautazama upande ule, taratibu, kama Bibi na mpira. Nikitafuta kama anakumbuka kweli, au ananifurahisha tu, au amelipokea neno langu kwa vile hana lake. Hakukuwa na chochote cha kunionyesha. Uso wake ulikuwa safi, umetulia, hauna deni na mtu. Yeye alikwisha kuweka mto ule wote chini, akasahau na kushinda kwake, akaendelea kupeta mchele. Mpaka kwenye kusahau amenitangulia kufika nyumbani.